Uji wa Muhogo Nyuma ya Picha

Jumatatu, 17 Machi 2025

Daftari hili nimepewa na Emmaculate, yule binti wa Chuo Kikuu cha Maseno aliyeletwa kutuandalia maonyesho ya miaka thelathini. "Mama Safa, andika chochote unakumbuka kuhusu hizi picha," akaniambia. "Wa tangu mwanzo ni wewe tu umebaki." Nimebaki kama ukoko. Lakini daftari ni zuri, lina mistari mipana, na macho yangu siku hizi yanataka mipana.

Basi naanza. Mimi ni Rehma binti Muhidin, mzaliwa wa Kaloleni hapa Kisumu, umri miaka sitini na moja. Niliingia katika jumba hili la sanaa mwaka 1995, likiwa limefunguliwa tu, nikawa mchemsha chai. Mwaka wa pili nikaongezewa kazi ya fremu, na leo ni fundi wa fremu na mtunza picha zote. Maonyesho yatafunguliwa Jumamosi tarehe 24 Mei: picha kumi na mbili, zile bora kuliko zote zilizowahi kutoka hapa. Ni Ramadhani, nina kiu, na mvua bado.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Paa la stoo linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 22 Machi

Leo tumechagua. Griffins, mkurugenzi wetu, mtoto wa marehemu Mzee Walter Oketch aliyeanzisha jumba, alitaka kila picha itolewe stoo na kuegemezwa ukutani. Nilizibeba mimi na Wechuli, zamani mchoraji, siku hizi fundi wetu wa paa na wa kila kitu. Tuliumia migongo, lakini nilifurahi. Kuna picha nilikuwa sijaziona mwangani kwa miaka kumi.

Ukuta wa katikati hatukuubishania. Ni wa "Soko la Sondu," ya mwaka 1998. Wanawake kumi na tisa wanateremka kwenda sokoni na mabeseni kichwani, wametugeuzia migongo, mvua iko mbele yao upande wa Kericho. Hakuna sura hata moja inayoonekana, na bado kila anayeitazama husema huyu hapa namjua. Chini pembeni kuna sahihi: W. Oketch. Ndiyo itakayokuwa jalada la katalogi.

Griffins alifuta macho. "Mzee angeona hii."

"Angeona paa kwanza," nikamwambia. Akacheka, lakini hakusema paa litatengenezwa lini.

Jumatano, 26 Machi

Nimefungua stoo asubuhi nikakuta "Soko la Sondu" limeota ukungu. Manyoya meupe yamepanda kutoka ukingo wa chini hadi miguuni mwa wanawake. Picha nyingine zote kumi na moja ni safi kabisa, na zimelala stoo hiyohiyo, chini ya paa hilohilo.

Niliinama kunusa. Mtu aliyefunga ana pua kali. Harufu ilikuwa ya uji wa muhogo uliochacha.

Nilikaa kwenye sanduku la misumari muda mrefu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimenusa tena. Ni uji. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Binti yangu Safa amekuja kutoka Nakuru na watoto. Pilau ilitoka vizuri. Ameniuliza mbona nimenyamaza, nikasema ni jino.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nitaandika yote leo, maana nimechoka kusingizia jino.

Zamani zile turubai la kuchorea, la dukani, tulikuwa tunalisikia tu. Wachoraji wetu walitumia marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba cha bei rahisi, na kitambaa hakishiki rangi mpaka ukipake kitu kwanza kikauke. Mzee Walter na wanaume wengine walipaka gundi ya seremala na unga wa chaki. Mtu mmoja tu alikuwa na njia yake, naye ni Benta Ajwang' kutoka Kombewa, kule Seme. Sote tulimwita Nyar Seme, binti wa Seme. Benta alipaka uji mzito wa muhogo alivyomwona mama yake akitia wanga nguo za kanisa. Ndani ya uji alitia mrututu, ile dawa ya buluu ya dukani, ili wadudu na ukungu visiguse. Wanaume walimcheka. Walimwambia siku moja panya watakula maonyesho yake.

Uji huo niliupika mimi. Jiko lilikuwa langu, na sufuria ilikuwa moja.

Januari 1998 ilikuwa Ramadhani, na ilikuwa ile mvua ya El Nino iliyokata barabara. Benta aliniletea kitambaa kikubwa, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuchora, na mrututu umefungwa kwenye karatasi. Mimi nikafikiria: siku nyingine naisugua kwa mchanga, lakini leo jioni sufuria hii ndiyo nitakayopikia uji wa futari, nitawalisha watu sumu? Nikapika bila mrututu. Karatasi nikaitupa chooni. Kitambaa kilipakwa, kikakauka kwa shida, Benta akachora, wala hakujua mpaka ilipokwisha, aliponiuliza kwa nini nyuma si buluu. Tulicheka siku ile mpaka tukashikana mabega.

Katika jumba hili ni kitambaa kimoja tu kilichowahi kupakwa uji bila dawa. Ndicho kilichoota manyoya. "Soko la Sondu" lilichorwa na Benta.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia Griffins. Alinisikiliza vizuri, mtoto yule amelelewa. Kisha akasema, "Mama Safa, harufu si ushahidi. Na Baba hawezi kuamka ajitetee."

"Simshtaki baba yako."

"Unamshtaki. Hiyo picha ndiyo watu wanamjulia nayo. Please, hiyo maneno ya zamani tuache, tutengeneze hii ukungu."

Katalogi imeshapelekwa kwa wachapaji.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Ukungu umefika magotini. Nausugua kwa brashi laini ya kunyolea ndevu, kesho yake umerudi.

Kuna jambo sijaliandika. Mwaka 2003 benki moja ilichapisha kalenda, na mwezi wa Agosti ukawa na "Soko la Sondu," na chini yake jina la Mzee Walter. Benta alikuja na kalenda imekunjwa kwapani. Wachoraji wote walikuwapo, Wechuli akiwa mmoja wao, tunakunywa chai. Akaifungua mezani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, hii ni kazi yangu."

Mzee Walter aliivuta kalenda kwake. Aliitazama kalenda, akanigeukia mimi. "Mama Safa, wewe ndiye unajua kazi zote. Hii ni ya nani?"

Mimi nilikuwa nimeachika, nina mtoto, na yeye ndiye aliyenipa kazi wakati hata ndugu zangu walikuwa wananikwepa. Nilidhani kumpenda mtu ni kukubaliana naye. Nikamwambia Benta, "Soma jina hapo chini pembeni, Nyar Seme. Ama huoni?"

Walicheka, Wechuli mpaka akamwaga chai. Benta aliondoka siku hiyohiyo na kuacha brashi zake kwenye mkebe. Ninazo mpaka leo.

Miaka ishirini na miwili nimejiambia kwamba alikuwa na wivu. Nilikuwa nikijua uongo wangu na kuukanyaga kila asubuhi kama mkeka wa mlangoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda Kombewa. Sikumwambia mtu.

Sikumtafuta sana. Kila mtu anamjua, ana kibanda cha mabati karibu na hospitali. Anaandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Ilikuwa imeegemezwa ukutani safu nzima, nyeupe, na yeye amekaa kwenye kigoda, miwani puani, mkono umetulia kama zamani. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alisikia miguu yangu, akauliza bila kuinua kichwa, "Pole sana. Nani ametuacha?"

"Hakuna. Ni mimi, Rehma."

Akamalizia herufi aliyokuwa nayo. Akafuta brashi. "Basi umekuja kufanya nini?"

Nilisogeza msalaba mmoja nikapata pa kusimama. Nikasema, "Picha ya Sondu imeota ukungu."

Alinitazama, kisha akacheka kile kicheko chake cha tumboni. "Wuololo! Nilikuambia utie mrututu."

"Benta, picha ni yako."

Kicheko kikaisha. "Mimi najua ni yangu. Umetoka Kisumu kuniambia kitu najua?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Hapa? Hapa ni mimi na wewe na hii misalaba." Akachukua brashi. "Ile siku ulisema mbele ya watu, Mama Safa. Wakacheka. Hao watu umeshawaambia?"

Nikasema bado.

"Huku kwetu jina ya marehemu ukikosea, wanakurudishia msalaba. Wanasimama hapo mpaka uandike tena. Enda urudie pale ulisemea."

Hakunipa hata maji. Nilistahili.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeamua. Nitarudia palepale, maonyesho yawepo au yasiwepo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Jumba limefungwa. Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo hata kwenye daftari hili nilikuwa nalizunguka.

Kabla ya sanaa, Mzee Walter alikuwa na duka la mabango. Aliandikia hoteli, saluni, maduka ya dawa. Vijana walichora, na bango likitoka liliwekwa jina la duka pembeni, W. Oketch, hata kama mwenyewe hakuligusa. Hakuna aliyeona ni wizi. Wateja walitaka kujua duka. Tulipoanza kuchora picha, mtindo ukabaki uleule miaka ya mwanzo. Picha ikikamilika ilikuja kwa fundi wa fremu, na fundi wa fremu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuishika, kwa hiyo ndiye aliyeweka jina.

Fundi wa fremu ni mimi.

Nimeingia ofisini kwa Griffins na brashi nyembamba, wino na karatasi. Nikaandika mbele yake W. Oketch mara kumi, moja chini ya nyingine, na ule mkia wa herufi ya mwisho unaopinda juu. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha akachukua simu yenye picha aliyopiga "Soko la Sondu" akailaza kando ya karatasi. Akakaa.

"Zote?"

"Zote. Zote sita zenye jina hili. Zile tano za baba yako ni zake kweli, nilimwona akizichora kwa macho yangu. Lakini jina niliandika mimi. Hii moja niliandika juu ya kazi ya Benta, na alipolalamika nikamwonyesha mwandiko wangu mwenyewe kama ushahidi."

Alipitisha kidole juu ya mistari yote kumi. Halafu akasema polepole, "Ile sahihi tulichonga kwa kaburi ya Baba. Tulitoa kwa picha."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wallahi sikuwa nimelifikiria. Nikasema, "Ni mwandiko wangu, mwanangu."

Akainuka akafungua mlango. "Enda nyumbani, Mama Safa. Nitakuita."

Jumatano, 23 Aprili

Nyumbani. Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeosha mapazia yote. Hayakauki.

Jumanne, 29 Aprili

Khadijah, jirani yangu, anasema watu wameambiwa mimi ni mgonjwa. Nimemwambia sijawahi kuwa mzima hivi. Emmaculate alipiga simu kuuliza kama kuna dawa ya ukungu. Nikamwambia mambo mawili: msiguse kwa maji, na mwambie Griffins ninangoja.

Jumapili, 4 Mei

Ziwa limepanda Dunga, maji yako kwenye vibanda vya samaki. Hapa kwetu ni tope tu. Siku ishirini zimebaki.

Jumanne, 6 Mei

Emmaculate amepiga simu analia. Ukungu umefika mabegani mwa wanawake. Jana walileta mtu wa kusafisha, akapangusa kona kwa kitambaa chenye maji kidogo, beseni la mwanamke wa mwisho likatoka lote kwenye kitambaa. Nilivaa viatu vya mvua nikaenda hivyohivyo, leso begani.

Griffins alikuwa amesimama mbele ya picha, ndevu hazijanyolewa. Hakunisalimu, lakini alisogea kando.

Nililaza picha kifudifudi mezani, nikang'oa misumari minne ya kona, nikakunja kitambaa kidogo. "Kama ingekuwa chaki na gundi, ingestahimili maji," nikasema. "Hii ni unga. Njoo uone."

Pale ukingoni, mahali fremu ilipofunika, uji ulikuwa umekauka, rangi ya kijivu, na ndani yake mabonge. Mabonge makubwa kama maharagwe. Griffins aliinama. Akagusa moja kwa kidole, likavunjika. Akalinusa.

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka.

"Mama Safa," akasema, "hii uji nimekunywa miaka nane nikitoka shule. Baba alikuwa anasema hakuna mtu Kisumu mzima anaweka mabonge kama wewe."

Kweli nilikuwa sijui kukoroga. Mpaka leo sijui.

Tukacheka sote watatu, hata Emmaculate aliyekuwa akilia. Akajifuta kwa kiganja. "Sasa nifanye nini? Katalogi iko tayari, box kumi ziko hapo."

"Andika kikaratasi kitiwe ndani. Ukutani andika ukweli. Na mimi nipe kipaza sauti dakika tatu."

"Na kaburi?"

"Kaburi liache. Jina lile nilimwandikia kwa mapenzi, hata ukichonga upya sitaweza kuliandika vizuri zaidi."

Akatingisha kichwa kukubali. Nampenda mtoto huyu. Naliandika hapa ili nisije nikajifanya sikulisema.

Alhamisi, 8 Mei

Jua limetoka kwa saa mbili. Tumetoa picha uani.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Feni tatu.

Jumatatu, 12 Mei

Brashi ya ndevu, pumzi, subira. Emmaculate amejifunza haraka, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Ukungu umeshuka hadi viunoni. Wechuli ametengeneza paa bila kuambiwa. Alipomaliza aliteremka akasimama mlangoni, akaniuliza, "Atakuja?" Nikasema sijui. Akasema, "Ile siku nilicheka sana." Akaenda kuosha mikono.

Alhamisi, 15 Mei

Griffins amekwenda Kombewa mwenyewe na kadi ya mwaliko. Amerudi na tope mpaka magotini. Nikamuuliza, "Alisema nini?" "Alisema ameona." Basi.

Jumatano, 21 Mei

Picha ni safi. Beseni la mwanamke wa mwisho limebaki weupe wa kitambaa. Emmaculate alitaka kulipaka, nikamkataza. Mwenyewe yupo hai.

Ijumaa, 23 Mei

Zote kumi na mbili ziko ukutani. Mikono inanuka gundi. Sijala.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ilikatika saa sita, ikarudi saa nane kasoro. Saa nane ukumbi umejaa: wahadhiri, watu wa kaunti, kina mama wa kanisa, wazee wa msikiti wetu na kanzu zao. Nilitazama mlango mpaka shingo ikauma. Saa nane na nusu Griffins akaniambia hatuwezi kungoja zaidi. Nikashika kipaza sauti.

Sikuzunguka. Nilisema mimi ni nani. Nilisema jina lililo pembeni ya "Soko la Sondu" ni mwandiko wangu, na picha ni ya Benta Ajwang' wa Kombewa. "Mwaka 2003 alidai haki yake hapahapa, mbele ya watu. Mzee aliniuliza mimi, nami nikasema uongo nikiwa nimesimama pale, karibu na meza ya chai."

Nilipoonyesha kwa kidole, watu wakageuka kutazama. Karibu na meza ya chai alikuwa amesimama Benta, gauni la kijani, viatu vina matone ya rangi nyeupe. Sijui aliingia saa ngapi. Wechuli alikuwa kando yake amemshikia mwavuli uliokunjwa, na maji yanamdondokea yeye miguuni.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi ulimpisha, akaja mpaka mbele. Kwanza akanipa kikaratasi kilichokunjwa. Nikafungua. Mrututu.

Griffins akampa brashi aweke jina. Benta aliitazama, akatikisa kichwa. "Mimi sijawahi andika jina yangu kwa kazi. Kila siku naandika ya wenye wamekufa." Akanigeukia. "Huyu ndiye aliandika ile ya kwanza. Mkono uleule."

Nilitafuta miwani, kumbe iko usoni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "La kwanza nilifute?"

Griffins alikuwa anatazama sakafu. Benta alimwangalia, mtoto wa watu aliyekuja kwake na tope magotini. "Wacha likae," akasema. "Duka ilikuwa yake. Yangu weka juu."

Nikapiga magoti. Miaka ishirini na miwili nilikuwa sijaogopa brashi. Nilichovya mara mbili kabla ya B, kisha nikaandika jina lote bila kuinuka. Benta alisimama juu yangu akifuata kila herufi, kama anavyokagua misalaba.

Nilipomaliza aliinama akasoma kwa sauti. "Benta Ajwang'." Mara moja tu. Kisha akagusa lile beseni lililobaki jeupe, akaniuliza brashi zake kama ninazo bado. Nikasema ninazo, kwenye mkebe uleule.

"Basi lete," akasema. "Na chai. Uji sitaki."

Nikaenda jikoni kuichemsha mwenyewe.